Njia ya Mwongo ni Fupi

Wazee walituachia mithali isemayo kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kwa kawaida hufasiriwa hivi: mwongo hafiki mbali, kwani uongo wake hudhihirika upesi. Tafsiri hiyo ni njema, nasi twaifundisha shuleni. Lakini iko maana nyingine, nayo ndiyo iliyotusumbua moyo: ya kwamba mwongo hupita njia fupi kweli, na mwenye haki hupita njia ndefu, na pengine yule wa njia fupi hufika kwanza, akapewa zawadi, akapigiwa makofi. Basi ikiwa hivyo, yule aliyekwenda njia ndefu amefaidika nini? Swali hili hatukulitunga sisi. Tuliulizwa na mtoto hapo Gombani, na siku ile hatukuwa na jawabu.

Gombani ni mahali karibu na mji wa Chake Chake, katika kisiwa cha Pemba, penye uwanja mkubwa wa michezo. Mtu asiyefika Pemba hudhani kwamba kisiwa ni nchi tambarare. Sivyo. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, kilima baada ya kilima. Juu pana mikarafuu na minazi, na chini mabondeni pana mpunga. Kwa hiyo ni nchi ifaayo sana kwa mashindano yaitwayo mbio za nyika. Watoto huanza pamoja penye uwanja, hutoka nje, hufuata vijia vya mashamba, hushuka bondeni na kupanda kilima, kisha hurudi kumalizia mbele ya watu. Katika mbio za uwanjani kila mkimbiaji aonekana tangu mwanzo hata mwisho. Katika mbio za nyika, sehemu kubwa ya safari mtoto haonekani na mtu ila wenzake, na ndege, na Mungu.

Ndiyo sababu waamuzi huwekwa penye pembe za njia. Siku ile sisi tuliwekwa penye mwembe mmoja, mbali na uwanja. Amri ilikuwa kila mtoto auzunguke mwembe ule, kisha ashuke tena bondeni. Lakini kabla ya kuufikia, kijia cha wachuma karafuu chakata kushoto, na mwenye kukifuata aokoa mwendo wa kadiri ya hatua 400. Wasichana walikimbia kwanza, nasi tukawahesabu wote, hata mmoja hakukosekana. Kisha palikuwa na nafasi kabla ya wavulana. Jua lilikuwa kali. Tukavua koti letu, tukalitundika tawini upande wa nyuma wa mwembe. Na jirani mmoja akatuita barazani pake tukanywe maji ya dafu. Tulikwenda kwa dakika mbili. Mazungumzo yakawa mazuri, na zile mbili zikawa kama 20. Tuliposikia vishindo vya miguu tukarudi mbio, lakini wavulana walikuwa wamekwisha kupita, wakabaki watano au sita wa mwisho.

Tulirudi uwanjani tukinyamaza. Kumi wa kwanza walikuwa wamekwisha kuandikwa, nao ndio watakaovuka bahari kwenda Unguja kushindana na wenzao. Ndipo akatujia mvulana mmoja wa miaka kama 12, mtoto wa majirani zetu Waislamu, miguu mitupu, amejaa vumbi hata magotini. Akasema kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Samahani, hukuwapo mwembeni." Tukamwuliza amejuaje. Akasema, "Nilizunguka nikaona koti lako limetundikwa nyuma. Nilipofika pale nilikuwa wa nne. Walionifuata hawakuona mtu, wakakata kushoto. Mimi nimekuwa wa 17." Akasimama kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimezunguka. Nimefaidika nini?"

Tujue kwamba koti lile halikuweza kuonekana na mtu aliye kijiani. Aliyeliona ni yule tu aliyeuzunguka mwembe. Basi neno la mtoto lilikuwa kweli, na koti letu, lililobaki kazini wakati mwenyewe alipokimbia kazi yake, ndilo lililokuwa shahidi.

Tulikwenda kwa mwamuzi mkubwa tukaungama kosa letu. Naye alisema jambo la haki, ingawa lilituuma: "Waweza kuniambia ni nani waliokata?" Hatukuweza. Mtoto naye hakutaka kutaja majina, na hata kama angalitaja, neno la mmoja juu ya wengi lisingalitosha. Pengine wako katika wale kumi waliozunguka kweli. Je, tungewanyang'anya nafasi yao kwa sababu ya kosa letu? Orodha ikabaki kama ilivyo. Kumi wakavuka kwenda Unguja, na mtoto wetu akabaki Pemba.

Sasa na tulipime lile swali, maana si la mtoto yule peke yake. Ni swali la mkulima aanikaye karafuu zake zikakauka vizuri, akatoa makonyo yote, na jirani yake achanganya makonyo na karafuu ili gunia liwe zito, na siku ya kuuza wote wawili wapewa bei moja. Ni swali la karani asiyepokea hongo, na nyumba yake haina bati, hali nyumba ya mwenzake ina bati. Kila mmoja wetu amewahi kusimama penye mwembe wake, asione mwamuzi, akaona kijia cha kushoto.

Jawabu la kwanza lituijialo ni hili: usihuzunike, Mungu ameona, naye atakulipa. Sisi tulio Wakristo twaliamini neno hilo, na mtoto yule pia amefundishwa nyumbani kwao kwamba Mwenyezi Mungu haghafiliki. Lakini tujihadhari tusilitumie neno la kweli kwa kazi mbaya. Mtu akimpunja kibarua ujira wake, kisha akamwambia, "Mungu atakulipa," hakumhubiria dini. Ametaka Mungu amlipie deni lake. Sisi tuliokwenda kunywa dafu ndio tuliokuwa na deni, na kumwelekeza mtoto mbinguni siku ile kungekuwa ni kujificha nyuma ya madhabahu. Tena yuko anayeuzunguka mwembe kwa ajili ya ujira wa mbinguni tu. Huyo angali anafanya biashara, ila amekubali kungoja malipo.

Jawabu la pili husemwa sana na walimu: uaminifu hufaidisha mwishoni, kwani watu watakuamini. Mara nyingi ni kweli, lakini si sikuzote. Watu humwamini yule waliyemwona kuwa mwaminifu, nasi twanena habari za yule asiyeonekana. Katika uwanja wa Gombani watu waliona jambo moja tu: nani amefika kwanza na nani amefika wa 17. Hakuna aliyesema, "Yule wa 17 ni mtu wa kuaminika." Walisema, "Huyu si mkimbiaji." Tukimwambia mtoto kwamba haki siku zote ni faida, naye akaona kwa macho yake kwamba sivyo, atadhani kwamba tumemwongopea katika mambo yote. Heri tumwambie mapema kwamba haki pengine ina gharama, kisha tumwonyeshe kwa nini yastahili kulipiwa gharama hiyo.

Basi iko njia ya tatu, nayo yaanza kwa kuuliza: mbio ni nini? Katika mwaka 1904, huko St. Louis katika Marekani, palikuwa na mbio ndefu za Olimpiki. Mtu mmoja, jina lake Fred Lorz, alichoka njiani akapanda motokaa, akachukuliwa mwendo mrefu, kisha akashuka akakimbia hata uwanjani. Watu wakamshangilia kwamba ndiye mshindi. Baadaye kidogo yakajulikana, akaondolewa. Katika mbio zizo hizo alikuwako Mwafrika wa Afrika ya Kusini, jina lake Len Taunyane, ambaye mbwa walimfukuza akatoka njiani. Lakini akarudi njiani, akamaliza, akawa wa 9. Tuwapime watu hawa wawili kabla ya uongo kujulikana. Wakati ule watu walipokuwa wakimpigia makofi Lorz, je, alikuwa na kitu ambacho Taunyane hakuwa nacho? Alikuwa na makofi. Lakini makofi yale yalikuwa ya mtu mwingine, mtu aliyekimbia mbio zote, na mtu huyo hakuwako katika nguo za Lorz. Taunyane alikuwa wa 9, nayo 9 yake ilikuwa yake mwenyewe.

Hapo ndipo tunapoanza kuona. Akataye kushoto hakushinda mbio. Amekimbia mbio nyingine, fupi zaidi, ambazo hakuna aliyemwita kuzikimbia, kisha akaja kudai zawadi ya zile za kwanza. Kikombe akishikacho chasema neno lisilo kweli, naye ndiye mtu mmoja katika uwanja mzima ajuaye kwamba lasema uongo. Kila akitazamapo kikombe hicho, hukumbuka kijia. Lakini aliyezunguka, hata akiwa wa 17, amepata kitu kile kilichomleta, yaani mbio zenyewe. Nguvu aliyoipata miguuni katika hatua zile 400 ni yake, na aliyekata hakuipata. Na moyo uliosema "nitazunguka" pasipo mtu wa kumwona umeongezeka nguvu, kama mguu uongezekavyo kwa kupanda kilima.

Watanzania wengi wamesikia habari ya John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mwaka 1968 alitumwa na nchi yetu kwenda Mexico kushindana katika marathoni, mbio za kilomita 42. Njiani alianguka akaumia vibaya goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kumaliza zaidi ya saa nzima, jua limekwisha kutua, na watu wengi wamekwisha kwenda zao, ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Walioanza walikuwa 75, na waliomaliza 57, naye alikuwa wa mwisho wao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aende akaanze mbio, ilimtuma azimalize. Wako wangapi kati yetu wanaokumbuka ni nani aliyekuwa wa pili siku ile? Hata hivyo tusiseme kwamba Akhwari alifaidika kwa kuwa alikuja kusifiwa. Alipokuwa akichechemea gizani hakujua kwamba atasifiwa. Alijua tu njia iliyobaki.

Mwenzetu mmoja, mwalimu pia, tulipomweleza haya alicheka akasema, "Mnamfanya mtoto kuwa mtakatifu kwa sababu ya mwembe. Mbio ni mchezo. Na katika mchezo mjanja hushinda." Neno lake si la kudharauliwa. Ni kweli kwamba mchezo una ujanja wake: kujua wakati wa kwenda pole na wakati wa kutoka mbio, kumfuata mwenzio ili akukingie upepo. Ujanja huo ni sehemu ya mbio. Lakini kukata njia ni kuacha mchezo, huku mtu akijifanya angali mchezoni. Tena tusiwadharau watoto kwa kuwa mambo yao ni madogo. Mtoto hana gunia la karafuu la kuchanganya makonyo, wala hana ofisi ya kupokelea hongo. Ana mwembe tu. Asipojifunza hapo, atajifunzia wapi?

Tena jambo hili limeleta hoja hata kwa watu wazima. Katika Desemba 2012, huko Burlada katika nchi ya Hispania, palikuwa na mbio za nyika. Mbele alikuwa Mkenya, Abel Mutai, aliyepata medali ya shaba katika Olimpiki ya London mwaka ule ule. Alipokaribia mwisho alidhani amekwisha kuvuka mstari, akapunguza mwendo kabla ya kufika. Nyuma yake alikuwa Mhispania, Iván Fernández Anaya. Angaliweza kumpita akapata ushindi, wala sheria isingalimkataza. Hakumpita. Alibaki nyuma yake, akamwonyesha kwa mkono aendelee, Mutai akamaliza wa kwanza. Baadaye alisema kwamba ushindi haukuwa haki yake, kwa maana Mutai alikuwa amekwisha kumwacha mbali. Lakini mwalimu wake wa mbio, ambaye zamani alikuwa mkimbiaji mashuhuri, hakukubaliana naye. Alisema kwamba yeye mwenyewe angaliitumia nafasi ile. Twaona basi kwamba hata huko wazee na vijana hubishana, na kwamba pengine kijana huona mbali kuliko mwalimu wake. Fernández alijiuliza kwanza ni nani aliyezikimbia mbio vizuri zaidi, kisha akataka matokeo yaseme kweli. Mtoto wa Gombani hakuwa na nafasi ya kuyafanya matokeo yaseme kweli. Aliweza tu kuhakikisha kwamba miguu yake haisemi uongo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za wapigao mbio, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 9. Watu wale walimfahamu vema, kwa kuwa karibu na mji wao yalifanyika mashindano makubwa, na mshindi alivikwa taji la majani. Twapenda kulihubiri neno lile la taji lisiloharibika. Lakini katika sura ile ile Paulo asema pia hofu yake mwenyewe: asije yeye aliyewahubiri wengine akawa mtu wa kukataliwa. Kila tulipolisoma neno hilo zamani tulidhani lawahusu watu wengine. Siku ile lilitupata sisi, wenye kuwahubiri watoto habari za uaminifu, tuliokuwa barazani na dafu mkononi.

Maana hapa pana jambo ambalo hatukuliona mara moja. Tumesema mengi juu ya mtoto azungukaye pasipo kuonekana. Lakini ni nani aliyemfanya asionekane? Wale waliokata kushoto walikosa, wala hatuwasamehe kwa kuwa ni wengi. Lakini walikuwa watoto, nasi tuliahidi kusimama pale. Mtu mzima akiliacha zamu lake, huwatia wadogo katika jaribu ambalo hawakuliomba, na yule anayeshinda jaribu hilo ndiye alipaye gharama yake. Vivyo hivyo mzani ukiwa mbovu sokoni, mkulima mwaminifu ndiye apunjwaye. Mzee wa kanisa asipotazama hesabu za sadaka, mweka hazina mwaminifu hushukiwa sawasawa na mwizi. Yatupasa kuwafundisha watoto kuwa waaminifu pasipo kuonekana. Na yatupasa vile vile kuwatazama, ili uaminifu wao usiwe hasara yao sikuzote. Mwenye kufundisha la kwanza pasipo kutimiza la pili atwika wengine mzigo asiougusa mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata tulisimama mbele ya watoto wote, tukasema wazi kwamba hatukuwapo mahali petu, na kwa hiyo hatuwezi kushuhudia ni nani aliyezunguka na ni nani asiyezunguka. Tukaomba radhi. Hatukumtaja mtoto yule, kwa kuwa hakupenda atajwe, na kwa kuwa wenziwe wangalimchukia. Wengine waliinama chini. Mwalimu kuomba radhi mbele ya watoto si jambo lililozoewa, na wazee wawili walituambia kwamba tumejivunjia heshima. Huenda ni kweli. Lakini heshima ile ilikuwa kama kile kikombe, ilisema habari za mtu ambaye hakuwapo mwembeni.

Baadaye tulimwita mtoto peke yake, tukamwambia jawabu letu, kwa maneno machache kuliko haya. Tulimwambia, "Umeuliza umefaidika nini. Safari ya Unguja umeikosa, na aliyekukosesha ni mimi, wala sitaki kukuficha hilo. Ulichopata ni kwamba mbio ulizikimbia wewe. Kati ya wavulana wote wa siku ile, wewe najua kwamba umezikimbia." Alifikiri kidogo. Tukamwuliza, "Lakini kwa nini ulizunguka, hali hukuona mtu?" Akatutazama kama aonaye ajabu ya swali lile, akajibu, "Si uliambia tuzunguke, mwalimu?"

Ndugu zetu, katika jawabu hilo hamna elimu kubwa. Hakutaja faida, wala malipo, wala sifa. Aliambiwa neno na mtu aliyemwamini, akalitimiza. Nasi twaona kwamba uaminifu wa watoto wengi hukaa juu ya msingi huo mmoja, yaani kuamini kwamba yule aliyesema neno alilikusudia, na kwamba yupo mahali alipoahidi kuwapo. Msingi huo ukivunjwa mara nyingi, hautajengwa tena kwa mahubiri.

Mwaka uliofuata tuliwekwa penye mwembe ule ule. Jua lilikuwa kali vile vile, na jirani yetu, mtu mkarimu, akatuita tena. Tulimshukuru, tukamwomba dafu aliletee pale pale, akalileta, tukanywa tumesimama. Tukawahesabu watoto mpaka yule wa mwisho kabisa, aliyekuja peke yake akitembea, ameshika ubavu. Naye akauzunguka mwembe.